Maji ya Wenye Jiwe

Safari ya kwenda Jiweni ilianza juu ya magunia ya chumvi. Mjomba Charo, kaka yake mama, alinipandisha kwenye lori pale Marereni kabla jua halijawa kali, akanifunga kiunoni kwa leso ya mama ili nisianguke nikisinzia, na ncha ya pili akaifunga kwenye mkono wake mwenyewe. Mama alisimama chini akiwa na viatu vyake vya mpira vya kazini, akaniambia nisimsumbue bibi. Hakuniambia nimsalimu baba. Hilo nalikumbuka kwa sababu nililisubiri mpaka lori likaondoka.

Mimi nilijua naenda kwa baba. Niliambiwa amehamishwa kazi, yuko bara, na sasa napelekwa bara. Mtoto gani angejumlisha haya akapata jibu jingine? Malindi tulishuka tukapanda lori jingine lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha makaa. Kufika Kakoneni, suruali yangu iliyokuwa nyeupe kwa chumvi ilikuwa nyeusi tititi. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Mpwa wangu, uliondoka korongo, utafika kunguru." Mto ulikuwa upande mmoja, kisha ukajificha, kisha ukarudi. Harufu ya bahari ilitutoka sijui wapi, ila nakumbuka nilinusa mkono wangu kuitafuta na nikapata vumbi la makaa.

Lori liliishia Chakama. Siku ya pili ilikuwa ya miguu. Njia ya mbuzi, udongo mwekundu, migunga yenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Kila tulipoona mtu kwa mbali niliuliza, "Ni baba?" Mwanzo mjomba alijibu, "Siye." Baadaye akawa anainama kunitoa mwiba mguuni hata kama hakuna mwiba. "Tembea, mpwa wangu," alisema akiwa bado ameinama. "Ukiuliza-uliza njia inarefuka."

Hawe ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi, na Hawe Kadzo, mama yake baba, alikuwa amesimama mlangoni kama aliyetuona tangu Chakama. Alikuwa mwembamba, mrefu, kichwa kimenyolewa. Alinishika mabega akanizungusha.

"Ndiye mume wangu huyu? Kaja mweusi kama kitako cha sufuria! Na mahari yangu iko wapi? Hata dagaa hukuniletea?"

Watu wa pwani wanajua utani wa bibi na mjukuu, wala haukunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba alipomaliza kucheka alichuchumaa, akaweka viganja vyake viwili juu ya magoti yangu, akakaa hivyo. Watu wote husema nina magoti ya baba.

"Baba yuko wapi?" nikamuuliza.

Alimtazama mjomba. Mjomba alitazama paa.

"Yuko kazini," Hawe akasema. "Kunywa maji kwanza."

Mwezi uliopita nilikuwa Mtwapa, kwenye jengo moja, nimekaa juu ya kokoto nikimsubiri fundi aniite. Akaumwagia maji ukuta wa mawe ya matumbawe kabla ya kuupiga plasta, kama wanavyofanya mafundi wote. Jiwe lile lilikuwa limechomwa na jua tangu asubuhi, na lilipopata maji lilitoa harufu. Rangi yake nayo ikabadilika, kila kovu la konokono wa kale likajitokeza waziwazi. Fundi aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua. Nimefanya kazi Garsen, Lamu, Voi, Mariakani, na pengine pengi ambako sikukaa hata kujua jina la jirani, na kote huko kuna kitu kimoja sijawahi kukikimbia vya kutosha, nacho ni harufu ya jiwe la moto likimwagiwa maji.

Jiweni palikuwa mwendo mfupi kutoka nyumbani kwa Hawe. Ni mwamba mkubwa uliolala kichakani, na chini ya tumbo lake kuna kivuli ambapo watu kadhaa wangeweza kukaa bila kugusana. Pembeni mwa kivuli hicho jiwe limetoboka likafanya kisima, maji ya mvua hukusanyika humo yakakaa miezi, baridi hata adhuhuri. Na ukutani, kuanzia kimo cha goti la mtu mzima mpaka juu asikofika mtu, kulikuwa na michoro. Wanyama wekundu wenye migongo mirefu. Miduara ndani ya miduara. Mistari kama nyayo za ndege. Na upande wa kisima, peke yake, mtu. Alichorwa kwa rangi nyeupe, mikono ameinua, na kuanzia magotini kushuka chini weupe wake ulikuwa mzito zaidi, kama aliyesimama ndani ya kitu cheupe akatoka.

Rika langu la Marereni hawahitaji kuelezwa zaidi. Baba zetu walirudi jioni kutoka mashamba ya chumvi hivyo hivyo. Chumvi iliwakauka miguuni mpaka magotini, wakitembea inapasuka, na sisi watoto tuligombania kuibandua kwa kucha. Nilimtambua mara moja.

"Hawe, wamemchora nani huyu?"

"Hatukuwachora sisi, mume wangu. Wala babu zetu. Tuliwakuta. Kazi yetu ni kuwatunza tu." Na kweli aliwatunza. Alifagia kivuli kile kwa fagio la matawi, alitoa viota vya nyigu kwa ncha ya fimbo, alifukuza mbuzi wasijikune ukutani. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa, na yeye mwenyewe sikumwona akigusa hata siku moja. Kabla ya kuteka alipiga hodi kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Kisha alichovya kata, ile ya kifuu cha nazi yenye mpini wa mti, na maji ya kwanza akayamwaga chini, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Wenyewe kwanza," aliniambia. "Waliotangulia wakinywa, nasi twanywa."

Basi hapo ndipo akili yangu ilipokwenda upande wake. Wenye jiwe hunywa. Baba ni mmoja wao, amehamishiwa humu. Lakini maji yalimwagwa chini na udongo uliyameza papo hapo. Yeye yuko ukutani, mikono juu, hayamfikii. Na mimi nilijua ana kiu. Nilikuwa nimemsikia.

Siku zake za mwisho nyumbani baba alikuwa na homa. Mama alinikataza kuingia chumbani. Nilikaa kizingitini nikicheza na vifuniko vya soda, na kutoka ndani nikasikia sauti yake, "Katana, maji." Mama alikuwa uani. Mtungi ulikuwa karibu yangu, na kikombe juu yake. Lakini nilikatazwa kuingia, na mimi nilikuwa mtoto wa kusikia. Akaita tena, chini zaidi. Nikaendelea kukaa pale pale, mtoto mtiifu. Kesho yake nilipelekwa kwa jirani, nikalala huko, na niliporudi godoro lilikuwa nje juani na baba ameshahamishwa kazi.

Nilianza asubuhi moja Hawe akiwa amekwenda kutafuta kuni. Nilipiga hodi kama alivyofanya yeye, nikachovya kata, nikarusha maji ukutani. Jiwe likatoa ile harufu. Na yule mtu akanijibu. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Weupe wake uliokuwa umefifia uliwaka, mikono ikaonekana hadi vidole, kifua kikaonekana, hata nikaona alama ambayo sikuiona tangu nifike, mstari mdogo shingoni. Kisha jua likamkausha, akafifia tena. Kwangu mimi maana yake ilikuwa moja tu: amekunywa, na kiu imerudi.

Nikawa namnywesha kila siku.

Hawe alinikuta. Nilisikia kuni zikianguka nyuma yangu. Aliweka mkono mdomoni. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa vile. Nilidhani atanichapa, nikawahi kujitetea.

"Baba ana kiu, Hawe. Yale ya chini hayamfikii."

"Baba nani?"

"Huyu. Tazama miguu yake."

Alitazama. Alitazama sana. Kisha alikaa chini, miguu ameinyoosha mbele, kama wanavyokaa wanawake msibani, ingawa wakati ule sikujua kuwa ni hivyo. Wakati baba anakufa barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Alizikwa Marereni, na mama yake hakuuona hata udongo. Mama yangu alikuwa ametuma ujumbe kupitia kwa mjomba kwamba ataniambia yeye mwenyewe, atakapopata nguvu, na asitokee mtu wa kumtangulia. Hawe alibanwa na agizo hilo. Angeweza kunikataza. Neno moja lingetosha, maana nimeshasema nilikuwa mtoto wa kusikia. Badala yake alinyanyuka, akachukua kata mkononi mwangu, akaichovya, akanirudishia.

"Usirushe kwa nguvu," akasema. "Mtu wa kiu hunyweshwa pole."

Tangu siku hiyo tulikwenda pamoja. Yeye alimwaga yake chini, mimi nikammiminia baba. Nilimsimulia mambo ya mbuzi, ya kinyonga niliyemwona, na Hawe nyuma yangu akiitikia kwa niaba yake, "Ehe. Ikawaje?" Siku moja nilimuuliza mbona baba hasemi mwenyewe. "Babako tangu mdogo si msemaji," akanijibu. "Alipokuja kuniambia anaoa, alikaa mpaka ugali ukapoa." Tukacheka sote wawili mbele ya jiwe. Zilikuwa siku njema, na hiyo ndiyo inayoniuma. Ningekuwa na huzuni huko Jiweni, ningepata nafuu leo.

Mvua za kawaida hazikuja. Maji ya kisimani yalishuka, ukaonekana mstari wa kijani kuzunguka jiwe, kisha mstari mwingine chini yake. Hawe alianza kuoga kwa kitambaa. Alipunguza maji ya mbuzi, alipunguza yake ya kunywa, lakini kata yangu hakuipunguza. Na yule mtu alikuwa anaondoka. Niliona bila kuelewa. Kwanza miguu, ule weupe mzito, ulitiririka chini ukaacha michirizi kama ya uji. Kisha mkono mmoja. Mimi nilifurahi. Nilidhani anaanza kutoka.

"Hawe, miguu imeshatoka! Imebaki mikono!"

Akasema, "Naona, mume wangu."

Wazee walikuja kuomba mvua. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya hapo, mvua ikikawia watu wa vijiji vya jirani hukutana jiweni. Walitanguliwa na mzee Mwaringa, kaka wa marehemu babu, mtu wa mzaha ambaye kila akiniona aliuliza ni lini nitamwoa Hawe kwa harusi ya kanisani. Nilimkimbilia, lakini siku ile hakunitania. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta.

"Nani amemwosha huyu?"

"Labda mbuzi," mmoja akasema.

"Mbuzi gani ana kata?" Mwaringa akagusa udongo uliolowa chini ya ukuta. "Kadzo! Hapa umekaa tangu uolewe. Ni nani?"

"Ni mimi," Hawe akasema. "Semeni na mimi."

"Wewe? Watu wana kiu, wewe wamwagia mchoro maji?"

"Nimesema ni mimi."

Sikuelewa kwa nini anagombezwa kwa jambo zuri. Nikaingia katikati yao ili niwaeleze. "Ni mimi na Hawe. Tunamnywesha baba. Alikuwa ameomba maji." Hakuna aliyecheka. Mzee Mwaringa alichuchumaa akanishika mkono.

"Baba yupi, mjukuu wangu?"

"Baba Baya. Alihamishwa kazi akaja humu. Anatoka sasa, tazama, miguu imeshatoka."

Nyuma yao kulikuwa na kijana mmoja aliyebeba kibuyu cha tembo la mnazi la kuwamwagia wenye jiwe. Nafikiri hakukusudia ubaya wowote, neno lilimtoka tu. "Kwani huyu mtoto hakuambiwa? Baya si alizikwa Marereni wakati wa mvua?"

"Nyamaza!" Hawe akapiga kelele. Lakini lilishasemwa.

Nakumbuka nilitazama ukuta. Ulikuwa mkavu. Palikuwa na mkono mmoja na kipande cha kichwa, na chini yake michirizi, basi. Nikamgeukia Hawe nikamwita mwongo. Nilimwita hivyo mbele ya mashemeji zake, na nikaongeza kwamba yeye ndiye aliyemmaliza baba, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akinipa kata. Hawe hakujitetea kwangu, na kwa wazee hakusema kilichomfanya aniruhusu. Waliamua asiteke tena kisimani, wala asilikaribie jiwe, mpaka wenye jiwe wapoe. Mzee Mwaringa alilisema hilo huku macho yakiwa chini.

"Mto upo," Hawe akajibu.

Mto ulikuwa mbali. Alitoka alfajiri na ndoo kichwani akarudi jua likiwa limesimama, na akirudi alinichotea mimi kwanza. Sikunywa mkononi mwake. Nilikwenda kunywa na kula kwa mzee Mwaringa, na jioni nikirudi nilimpita mlangoni bila salamu, mtoto aliyelelewa kusema shikamoo hata kwa mwendawazimu wa sokoni. Siku hizo hakuniita mume wangu. Alisema, "Umerudi, Katana," akanipisha.

Simlaumu yule mtoto kwa mchoro. Alikosea kama mtoto, na alikosea kwa upendo. Ninayemlaumu ni huyu aliyekua, akasoma mpaka sekondari, akaelewa yote, akawa na nauli ya kwenda kila mahali isipokuwa huko. Hawe alikufa nikiwa Garsen. Habari zilinifikia baada ya matanga kuanuliwa, na nikajiambia sasa hakuna haja ya kwenda. Kabla ya hapo nilikuwa nikijiambia bado kuna wakati. Mwaka jana nilikutana Malindi na mtoto wa mjomba Charo, akaniambia siku hizi Jiweni kuna kibao na wageni waja kupiga picha. "Kuna pahala kando ya kisima pana michirizi myeupe," akasema. "Wageni wauliza hapa palikuwa na nini. Kijana anayewatembeza awaambia hakuna ajuaye." Nilimwambia ndiyo, hakuna ajuaye, nikaagiza chai nyingine.

Mwaka ule mama alikuja kunichukua kabla ya mvua. Walikaa ndani yeye na Hawe, mlango umefungwa, nikasikia mmoja analia na mwingine anambembeleza, na mpaka leo sijui ni yupi alikuwa yupi. Asubuhi ya kuondoka nilisimama uani na mfuko wangu. Hawe alikuwa amekwenda mtoni jana yake ili tupate maji ya safari. Alinichotea kata, akaishika kwa mikono miwili.

"Kunywa, mume wangu. Njia ni ndefu."

"Sina kiu."

"Katana!" mama akasema.

"Mwache. Atakunywa mbele."

Nilikuwa na kiu. Tangu jana yake jioni sikuwa nimeonja kitu, koo lilikuwa limenikauka mpaka mate hayamezeki. Niliyaona maji yale kwa karibu, yakiwa na rangi ya mto kidogo, na ndani yake kipande cha anga. Nikageuza uso, nikaanza kutembea.

Tulipofika penye migunga, pale njia inapopinda, nilitazama nyuma. Hawe alikuwa amesogea mpaka pale uani nilipokuwa nimesimama. Aliinama, akaishusha kata karibu na ardhi, akayamwaga yale maji chini, polepole, kama yale ya wenyewe, mpaka tone la mwisho.

"Mama," nikasema, "Hawe amekasirika. Amemwaga maji."

Mama aligeuka akatazama. Kisha alinishika mkono akanivuta, na hakuuachia mpaka Chakama.